Shehena Isiyofichika

Mahali panapolindwa kwa ulinzi mkali aghalabu hujulikana kwa ukuta wake, na ukuta kwa lango lake, na lango kwa askari asimamaye hapo akimwuliza kila ajaye jina lake, kitambulisho chake na shughuli iliyomleta. Na kanuni ya mahali kama hapo, pawe ni ghala la silaha, hazina ya dola au kinu cha atomi, ni kwamba kila kiingiacho kiwe kimekaguliwa, kimepimwa na kuandikwa daftarini kabla hakijavuka kizingiti. Walakini hutokea mahali hapo hapo pakahitaji kitu kisichoingia ndani ya behewa wala kontena, kitu chenye uzito wa tani mia tatu au mia nne na upana unaoizidi barabara yenyewe, nacho kimeundwa ng'ambo ya bahari, wala hakuna ndege au reli iwezayo kukifikisha. Hapo ulinzi wote, pamoja na daftari lake na askari wake, hulazimika kutoka nje ya lango, kushuka mpaka bandarini, kukesha njiani kati ya mashamba na nyumba za watu, na kurudi na kitu hicho hatua kwa hatua, kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, mbele ya macho ya kila mwenye kutaka kutazama.

Jambo hili limefanyika mara nyingi katika miaka ya karibuni kusini mwa Ufaransa, katika nchi ya Provence, nami nataka kulieleza kwa urefu, kwa sababu naamini kwamba mna ndani yake maarifa yanayowahusu watu wengi zaidi ya wahandisi na madereva.

Karibu na makutano ya mito ya Durance na Verdon, serikali ya Ufaransa ilifungua mwaka 1959 kituo cha utafiti wa nishati ya atomi kiitwacho Cadarache, kilichozungushiwa uzio na kuwekewa walinzi wake wenyewe; na ubavuni mwa kituo hicho ndipo palipochaguliwa mwaka 2005 pawe makao ya mradi wa ITER, ambao mkataba wake ulitiwa saini mjini Paris tarehe 21 Novemba 2006 na washirika saba, yaani Umoja wa Ulaya, Japani, China, India, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Nia ya mradi ni kujaribu kupata nishati kwa njia ile ile iliwashayo jua, ya kuunganisha viini vya haidrojeni, badala ya kuvipasua viini vya urani kama vifanyavyo vinu vya atomi vya leo. Na ili viini hivyo vikubali kuungana, gesi yake hupashwa moto hadi kufikia nyuzi milioni 150 za Selsiasi, joto lisilostahimiliwa na madini yoyote yaliyomo ardhini, hata ikabidi gesi hiyo izuiliwe katikati ya chombo kwa nguvu za sumaku isije ikagusa ukuta. Tangu mwaka 2012 sheria za Ufaransa zimekihesabu kituo cha ITER miongoni mwa vituo vya nyuklia, ingawa hakuna hata chembe ya fueli iliyokuwa imefika, na kila aingiaye humo, awe profesa au fundi wa bomba, huingia kwa idhini.

Sumaku zifaazo kazi hiyo ni adhimu kwa kimo na kwa uzito. Kumi na nane kati yake zimeumbwa mfano wa herufi D, kila moja ikiwa na urefu wa mita 17, upana wa mita 9 na uzito wa takriban tani 360. Na chombo cha chuma chenye kuzungukwa na sumaku hizo kiligawanywa katika sekta tisa, kila sekta ikiwa na uzito wa tani 440 hivi. Wala havikutengenezwa mahali pamoja. Washirika walikubaliana tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya mchango wa kila mmoja itolewe kwa vifaa, si kwa fedha, ili viwanda vya kila nchi vijifunze kazi hii ngeni. Kwa hiyo sumaku nyingine ziliundwa Italia na nyingine Japani, sekta nyingine za chombo zikatoka Ulsan, Korea, na sumaku moja ya duara yenye kipenyo cha mita kumi ikatoka Hefei, China. Mapatano hayo yalikuwa na hekima yake ya kisiasa, lakini yalimtwika mchukuzi mzigo ambao mwanasiasa hakuubeba: kwamba vipande vya mashine moja, visivyovumilia kupotoka hata milimita chache, vitoke pembe zote za dunia na kukutana juu ya kilima kimoja kilicho mbali na bahari.

Meli huishia Fos-sur-Mer, katika bandari ya viwanda ya Marseille. Hapo shehena hushushwa na kupakiwa juu ya tishari, likavutwa kuvuka ziwa kubwa la maji ya chumvi liitwalo Étang de Berre, lililounganishwa na bahari kwa mfereji. Na kuvuka huku, ingawa ni kwa saa chache, kuna hadhari yake, kwa maana nchi ile ina upepo mkali wa kaskazini uitwao mistral, na tishari lililobeba kitu kipana na kirefu juu ya sitaha yake halina budi kungoja utulivu. Wazee wetu wa pwani, waliozoea kungoja kaskazi na kusi kabla ya kutweka tanga, wangalilielewa jambo hili bila kuelezwa.

Kutoka Berre hadi Cadarache ni kilomita 104, na hapo ndipo ilipo kazi kubwa. Barabara za kawaida za Provence, zilizochongwa kwa ajili ya magari ya wakulima wa mizabibu na mizeituni, hazikuwa na upana wa kumpisha mgeni wa mita tisa, wala madaraja yake hayakujengwa na watu waliowaza tani mia nane. Basi kazi ikaanza mwaka 2008 na kuendelea kwa miaka kadhaa: barabara zilipanuliwa, madaraja yakatiwa nguvu, njia za kando zikachongwa palipokuwa na kijiji chenye mtaa mwembamba, na vipilefti, ambavyo Wafaransa wanavipenda mno na kuvijenga kila penye njia panda, vikapasuliwa katikati ili msafara uvipite moja kwa moja badala ya kuvizunguka, kwa kuwa chombo chenye urefu wa makumi ya mita hakikubali kuzunguka kisahani cha maua. Nguzo za alama ziliwekwa zile ziwezazo kung'olewa jioni na kusimikwa tena asubuhi. Kila daraja lilipimwa, kila waya wa umeme uliovuka juu ya njia ulijulikana kimo chake.

Hapa nataka kutua kidogo nieleze hesabu moja, maana watu wengi hudhani kwamba kitu kizito huivunja barabara kwa sababu ya uzito wake wote, na dhana hiyo imekosea. Lami haiujui uzito wa gari zima. Huujua uzito wa tairi moja lililo juu yake kwa dakika ile. Madereva wetu wa masafa marefu, wanaosimama foleni katika mizani ya Vigwaza au ya Mariakani, wanalijua hili kwa uchungu wa faini, kwa kuwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, haiamrishi tu kwamba gari na mzigo wake visizidi tani 56, bali huamrisha pia kwamba ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10, yaani tani mbili na nusu kwa kila tairi. Sasa tulichukue tela lililopitishwa Provence Septemba 2013 kwa majaribio: lilikuwa na uzito wa tani 800, na magurudumu 352. Ukiugawa uzito huo kwa magurudumu hayo utapata tani mbili na robo na kidogo, ambayo ni pungufu ya kile sheria yetu inachomruhusu dereva wa lori la saruji. Mahamali kumi wakiinua boriti pamoja, hakuna bega linalojua boriti ina uzito gani. Na tela lile ni mahamali mia tatu hamsini na wawili wanaokwenda kwa hatua moja.

Lakini daraja halikubali hesabu hiyo. Lami huulizwa na kila tairi peke yake, ilhali daraja huubeba msafara wote uliolala juu yake kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu fedha nyingi na fikra nyingi za njia ile zilikwenda katika madaraja, ambayo msafiri wa mchana hupita juu yake bila kuyaona. Nawaomba wasomaji wakumbuke tofauti hii wanapokutana na gari la tela refu katika barabara ya Morogoro au ya Mombasa, limetanguliwa na gari dogo lenye kibendera chekundu na taa izungukayo, limebeba transfoma au pipa la kiwanda. Mwenye mzigo ule, kabla hajawasha injini, alitakiwa kwenda kwa mamlaka ya barabara kuomba kibali cha mzigo usio wa kawaida, na katika kibali hicho njia imetajwa, na ndani ya njia madaraja yake. Ndivyo ilivyopaswa kuwa hata kwa mitambo ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, ambako sehemu ya shehena ilikwenda kwa reli ya TAZARA mpaka stesheni ya Fuga na kumalizia safari kwa barabara ndani ya mbuga. Huko nako ni mahali palindwapo, na huko nako mzigo ulifika kwa kupita kati ya watu.

Turudi kwenye majaribio yale ya Septemba 2013. Wahandisi hawakutaka kuijaribu njia kwa sumaku ya kweli, kwa sababu kitu kilichotengenezwa kwa miaka hakitolewi kafara. Wakapanga juu ya tela matofali ya zege 360, wakaupa mzigo huo wa uongo uzito na vipimo vya mzigo wa kweli, wakaupitisha kwa usiku nne, kuanzia tarehe 16 hadi alfajiri ya tarehe 20. Katika kila daraja lenye shaka walifunga vyombo vya kupima linavyopinda, wakalinganisha kilichopimwa na kilichohesabiwa. Na wenyeji wa vijiji, waliokwisha kuarifiwa siku na saa, walitoka majumbani mwao usiku wa manane, pamoja na watoto, wakasimama kando ya njia kutazama. Mwaka uliofuata wakajaribu tena, safari hii wakiunganisha maji na nchi kavu. Na Januari 2015 ikapita shehena ya kwanza ya kweli, transfoma ya umeme yenye tani 87, iliyokuwa ndogo ikilinganishwa na zile zilizofuata.

Naona inafaa tuutazame mwenendo wenyewe wa usiku, maana ndani yake ulinzi huonekana kwa sura isiyozoeleka. Msafara huondoka giza likiwa limeingia na magari ya watu yamepungua. Barabara hufungwa kipande kwa kipande mbele yake na kufunguliwa kipande kwa kipande nyuma yake, ili kijiji kisifungiwe usiku mzima kwa ajili ya kitu kinachokipita kwa saa moja. Askari wa Gendarmerie kwa pikipiki na magari hutangulia na kufuata. Mafundi hutembea kwa miguu ubavuni mwa tela, wakitazama matairi na kusemezana kwa redio na dereva, kwa kuwa dereva aliye mbele hawezi kuona kinachotokea nyuma yake kabisa, na magurudumu ya nyuma yana usukani wake. Jukwaa la tela limeegemezwa juu ya mitungi ya mafuta yenye shinikizo, nayo hupanda na kushuka kila barabara inapoinamia upande mmoja, hata mzigo ukabaki umelala sawasawa wakati ardhi iliyo chini yake haiko sawasawa. Kunapopambazuka, msafara huingia katika uwanja uliotayarishwa kando ya njia, ukatulia humo mchana kutwa chini ya ulinzi, na barabara ikarudishiwa wenyewe.

Na je, askari wale wanalinda nini? Swali hili huulizwa na watu wema wenye hofu, ambao wakisikia neno nyuklia wakaona na askari usiku, hukata shauri kwamba kinachopita mbele ya milango yao ni sumu. Ukweli ni kwamba vitu vile havina mionzi yoyote: ni chuma, shaba na nyaya maalumu, visivyo na madhara kwa afya ya mtu zaidi ya injini ya treni iliyozimwa. Kinacholindwa kwanza ni watu, wasigongwe na kisichoweza kusimama ghafla. Kinacholindwa pili ni kitu chenyewe, kwa sababu mtikiso mmoja wa nguvu waweza kuharibu kazi ya miaka, na ndiyo maana shehena za namna hii hufungiwa vyombo vidogo vinavyoandika kila mshtuko tangu kiwandani mpaka mwisho wa safari, ili mpokeaji akifungua kumbukumbu hizo ajue kama nahodha alikutana na dhoruba au dereva alikanyaga shimo. Kinacholindwa tatu ni ahadi: sehemu moja isipofika, ile inayopaswa kukaa juu yake hungoja, na mafundi wa washirika wote saba hungoja pamoja nayo.

Ahadi hiyo ilitiwa mtihanini Aprili 2020. Ufaransa nzima ilikuwa imefungiwa ndani kwa sababu ya maradhi ya Korona, mtu akitoka nyumbani alipaswa kubeba karatasi ya kueleza sababu yake, na katika mwezi huo huo ndipo zilipofika sumaku mbili za kwanza za umbo la D, ya awali ikitoka Italia na ya pili Japani. Zilipita katika vijiji vile vile ambavyo miaka saba nyuma vilitoka kutazama matofali ya zege, na safari hii wenyeji walikuwa nyuma ya madirisha. Juni ikafika ile ya duara kutoka China, na Agosti sekta ya kwanza ya Korea. Mimi husoma habari za mwaka ule kwa heshima kubwa kwa watu wa tishari na wa tela, ambao majina yao hayakuandikwa popote pa kusomwa, na ambao walifanya kazi ya mikono na ya karibu karibu wakati ambapo dunia iliamriwa itengane.

Yupo atakayesema kwamba kuwaarifu watu siku na saa ya kupita shehena iendayo kituo cha nyuklia ni kutojali usalama, na kwamba hekima ilikuwa kuficha. Nami namjibu kwa kisa kingine, cha zamani zaidi, kilichotokea wakati siri ilikuwa sheria ya kwanza.

Mwaka 1945 Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kulijaribu bomu la atomi la kwanza katika jangwa la New Mexico, walikuwa na plutoniamu kidogo mno, wakaogopa kwamba bomu likishindwa kulipuka sawasawa, baruti zake za kawaida zingeitawanya plutoniamu hiyo mchangani isipatikane tena. Basi wakaagiza chombo cha chuma kiwezacho kuuzuia mlipuko wa baruti ndani yake, wakakiita Jumbo. Kiliundwa na kiwanda cha Babcock & Wilcox mjini Barberton, Ohio, kikiwa na urefu wa mita saba na nusu hivi na uzito wa takriban tani 194; kikasafirishwa kwa behewa lililojengwa kwa ajili yake mpaka kituo kidogo cha reli kiitwacho Pope, na kutoka hapo kikavutwa jangwani kwa matrekta, juu ya tela lenye magurudumu 64, mwendo wa kilomita 40 hivi, mpaka eneo la majaribio lililoitwa Trinity. Chuma chenyewe hakikufichika, maana hakuna shuka la kukifunika kitu kama hicho. Kilichofichwa ni kazi yake. Hatimaye wakuu wa mradi, plutoniamu ilipoanza kupatikana kwa wingi zaidi na imani yao katika bomu ilipokua, waliamua kutokitumia, wakakitundika katika mnara wa chuma kiasi cha mita 730 kutoka mahali pa mlipuko. Asubuhi ya tarehe 16 Julai mnara ule ulianguka, na Jumbo akabaki mzima.

Mtazame sasa aliyepita kimya. Kiini cha plutoniamu, ambacho ndicho kilichokuwa roho ya bomu lile, kilikuwa tufe la kilo sita tu, dogo la kuenea kiganjani. Nacho kilifikishwa jangwani siku chache kabla ya jaribio ndani ya gari dogo la abiria, katika kiti cha nyuma, akikisindikiza mwanafizikia Philip Morrison. Na kabla yake, urani iliyotumiwa na mradi ule, kwa sehemu yake kubwa, ilitoka mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, nchi ambayo Kiswahili ndiyo lugha ya migodini na masokoni. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, aliamuru zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo zipelekwe New York, zikakaa ghalani katika kisiwa cha Staten, ndani ya mapipa ambayo mpita njia asingeyageukia mara mbili. Wachimbaji walioyatoa ardhini kwa mikono yao, wakayavuta vumbi lake kwa mapafu yao, hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini, na hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Kwa hiyo nasema kwamba ukubwa na hatari havifuatani. Cha hatari kilipita katika mapipa na katika kiti cha nyuma cha gari, na kilichotikisa reli kilikuwa pipa tupu. Huko Cadarache nako, itakapofika zamu ya tritiamu, sehemu ya fueli ya mashine, ambayo ndiyo yenye mionzi, hiyo itapimwa kwa gramu, na hakuna daraja litakalotiwa nguvu kwa ajili yake. Askari wa tela la magurudumu 352 na askari wa kasha la gramu chache wana kazi mbili mbalimbali, na dola inayozichanganya, ikaficha kisichofichika na kuwatisha watu wake kwa kisichodhuru, hupoteza kitu ambacho hakuna lango la kukirudisha, yaani imani ya wanakijiji ambao kila usiku wa msafara wameombwa wavumilie. Wenyeji wa bonde la Durance hawakuvumilia kwa kuwa walilazimishwa na bunduki. Walivumilia kwa kuwa waliarifiwa, barabara yao ikarudishwa kila asubuhi, na madaraja yaliyotiwa nguvu yakabaki kuwa yao.

Msafara unapofika mwisho wa kilomita zake 104, kwa kawaida ni kabla ya alfajiri. Tela huingia katika eneo lenye uzio. Karatasi za safari, zilizobadilishana mikono tangu kiwandani, hukabidhiwa. Kumbukumbu za mtikiso husomwa. Na kitu kilichotazamwa na kila mtu kwa usiku kadhaa hakitatazamwa tena ila na wenye kitambulisho. Si kila shehena hufika kwa njia moja: moduli ya kwanza ya sumaku ya katikati, yenye tani 110, iliyotengenezwa na General Atomics karibu na San Diego, ilikuwa imekwisha kuvuka majimbo ya kusini mwa Marekani kwa barabara mpaka bandari ya Houston, kila jimbo likiwa na vibali vyake na masharti yake, kabla haijaiona bahari, ikafika Cadarache Septemba 2021.

Njia hii, pamoja na upana wake wote, ina kikomo, na kikomo hicho kilijulikana kabla ya mche wa kwanza wa barabarani kung'olewa. Sumaku za duara za ITER zilizo kubwa zaidi zina kipenyo cha mita 17 na mita 24, na hakuna kijiji cha Provence ambacho kingeweza kuzipisha bila kubomolewa. Wahandisi hawakubishana na vijiji. Walijenga ndani ya uzio, tayari mwaka 2011, jengo lenye urefu wa mita 257, wakazisokotea humo humo sumaku hizo kwa nyaya zilizoletwa kwa malori. Na kando yake wakajenga karakana nyingine ambamo mafundi waliunganisha kwa kulehemu vipande 54 vya gamba kubwa la chuma linalofunika mashine nzima, lenye tani 3,850, vipande vilivyokatwa huko Hazira, India, kwa kipimo cha kilomita zile 104.